Kuchagua Cheti cha Usalama cha Seva ya Kuingilia Ofisini kwa Mbali

Somo hili linamhusu nani

Ofisi nyingi ndogo nchini sasa zinafanya kazi kwa namna ambayo zamani ilikuwa ya kampuni kubwa peke yake. Mhasibu hufungua vitabu vya hesabu akiwa nyumbani, karani wa tawi huingia kwenye kompyuta ya makao makuu, na meneja aliye safarini huidhinisha malipo kutoka chumba cha hoteli. Kompyuta inayowapokea watu hao ndiyo tunayoiita katika kijitabu hiki seva ya kuingilia kwa mbali. Inaweza kuwa seva ya Windows inayotumia huduma ya Remote Desktop, lango linalotangulia seva hiyo, au seva ya mtandao binafsi pepe, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la VPN.

Somo limeandikwa kwa ajili ya meneja, katibu wa chama, mwenye duka la dawa au mwalimu mkuu, yaani mtu anayeidhinisha ankara ya fundi bila yeye mwenyewe kuwa fundi. Lengo letu ni kumwezesha mtumiaji aulize maswali yanayofaa, aelewe majibu, na asilipie kitu asichokihitaji wala kukosa kile anachokihitaji.

1. Onyo ambalo kila mtu amelizoea

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao hata hivyo hautakuwa mgeni kwa wasomaji wengi. Chama cha akiba na mikopo cha walimu kina ofisi kuu mjini na vituo viwili wilayani. Daftari la akiba za wanachama limo katika seva moja ya Windows iliyoko ofisi kuu. Makarani wa vituo huingia humo kila asubuhi kwa kompyuta zao, kupitia intaneti ya kawaida.

Siku ya kwanza, dirisha dogo lilijitokeza likieleza kwamba utambulisho wa kompyuta ya mbali hauwezi kuthibitishwa, na kuuliza kama mtumiaji anataka kuendelea. Fundi alijibu kwa urahisi: "Dirisha hili likitokea, bonyeza Ndiyo." Makarani wakabonyeza. Baadaye wakaweka alama ya kutoulizwa tena, na dirisha likatoweka. Baada ya miezi kadhaa likarudi. Wakabonyeza Ndiyo tena, kama walivyofundishwa.

Onyo hilo lilikuwa na sababu. Seva ya Windows isipopewa cheti cha usalama, hujitengenezea chenyewe cha kutumia katika huduma ya Remote Desktop. Cheti hicho hudumu miezi sita, kisha seva hujitengenezea kingine. Kompyuta ya karani haina namna ya kujua ni nani aliyekitengeneza, kwa hiyo huuliza. Cheti kinapobadilika, huuliza upya.

Sasa tufikirie asubuhi moja ambayo dirisha linatokea kwa sababu nyingine. Mtu mwenye nia mbaya amejipenyeza katikati ya mawasiliano, labda kupitia Wi-Fi ya nyumba ya wageni ambako karani amelala akiwa safarini, na ameweka kompyuta yake ijifanye kuwa seva ya chama. Programu ya karani imefanya kazi yake vizuri: imekiona cheti kigeni na imetoa onyo. Lakini onyo hilo linafanana kwa kila hali na lile la miezi sita iliyopita. Karani anabonyeza Ndiyo, na jitihada za kuinasa nywila yake zinaanza. Baada ya hapo, akiba za walimu zinalindwa na bahati.

Tatizo la chama hiki si kwamba hakina cheti. Kinacho. Tatizo ni kwamba cheti chake kimewafundisha watumishi kupuuza onyo pekee ambalo lingewaokoa. Kipimo cha kwanza cha kuchagua cheti ni hiki: je, baada ya kukifunga, onyo litakuwa jambo la nadra kiasi kwamba likitokea kila mtumishi atasimama na kuuliza?

2. Kazi ya cheti, na kazi isiyo yake

Cheti cha usalama ni faili dogo linalobeba jina la seva, ufunguo wake wa umma, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na sahihi ya kidijiti ya aliyekitoa. Ufunguo wa umma una mwenzake wa siri, unaobaki ndani ya seva. Kinachosimbwa au kutiwa sahihi kwa mmoja huhakikiwa kwa mwingine, na kwa njia hiyo seva huthibitisha kwamba cheti ni chake kweli na si nakala iliyookotwa.

Mwananchi anayefungua akaunti benki huombwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ofisa wa benki hamjui mwananchi huyo, lakini anautambua muhuri. Cheti hufanya kazi hiyo hiyo: kompyuta ya karani haiijui seva, ila inautambua muhuri wa aliyetoa cheti.

Ni muhimu pia kujua mipaka yake. Cheti hakizuii mtu kujaribu nywila elfu moja moja baada ya nyingine. Hakizibi udhaifu wa programu. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro katika huduma ya Remote Desktop, iliyokuja kujulikana kwa jina la BlueKeep, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuidhuru seva ya Windows ya matoleo ya zamani bila kuwa na nywila yoyote. Seva yenye cheti kizuri kabisa lakini isiyosasishwa ilikuwa hatarini sawasawa na isiyo nacho. Kwa sababu hiyo tunashauri mlango namba 3389, unaotumiwa na Remote Desktop, usiachwe wazi kwa intaneti nzima. Seva iwekwe nyuma ya VPN au nyuma ya lango linalotumia mlango namba 443, na kila mtumiaji athibitishwe kwa hatua mbili.

3. Aina tatu za cheti kwa kuangalia aliyekitoa

Cheti kilichojitia sahihi chenyewe. Hii ni barua ya utambulisho ambayo mtu amejiandikia na kujipigia muhuri. Hakigharimu chochote na kinasimba mawasiliano kama vingine, lakini hakimthibitishii mgeni jambo lolote. Kinaweza kufaa pale tu watumiaji wakiwa wawili au watatu, na kila mmoja akaoneshwa alama ya kidole ya cheti, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokitambulisha, akailinganisha mwenyewe kabla ya kukubali. Alama hiyo ipatikane ana kwa ana au kwa simu kutoka kwa mtu anayefahamika, kamwe isitoke katika mawasiliano yale yale yanayotiliwa shaka. Inafaa pia fundi atengeneze cheti kimoja chenye muda unaojulikana, badala ya kuiachia seva ibadilishe chake bila taarifa.

Cheti cha mtoaji wa ndani. Hapa taasisi huanzisha mtoaji wake wa vyeti, kisha huweka cheti cha mzizi cha mtoaji huyo katika kila kompyuta ya ofisi. Ni sawa na kitambulisho cha kazi: nje ya ofisi hakina maana kubwa, lakini kila mlinzi wa ndani anakitambua. Njia hii inafaa taasisi inayomiliki na kusimamia kompyuta zote zinazoingia. Kwa baadhi ya mifumo ya VPN, kama OpenVPN, ndiyo njia ya kawaida na iliyo salama zaidi, kwa sababu watumiaji nao hupewa vyeti. Seva ya namna hiyo ikiamini vyeti vya mtoaji wa umma kwa watumiaji wake, itakuwa tayari kumtambua mtu yeyote duniani aliyewahi kupata cheti kwa mtoaji huyo.

Njia hii ina sharti zito. Mwenye ufunguo wa siri wa mtoaji wa ndani anaweza kutengeneza cheti cha jina lolote, na kompyuta zote za ofisi zitakiamini. Ufunguo huo uhifadhiwe nje ya mtandao, mahali penye kufuli. Usikae ndani ya seva inayopokea wageni, wala kwenye kompyuta ya mkononi ya fundi.

Cheti cha mtoaji wa umma. Mtoaji huyu tayari anatambuliwa na Windows, Android, mifumo ya Apple na vivinjari vyote vikuu. Mtumishi akiingia kutoka kompyuta ya nyumbani au simu yake, hahitaji kufungiwa chochote, na onyo halitokei ikiwa mambo yako sawa. Kwa ofisi ambayo watumishi wake wanatumia vifaa vyao wenyewe, hii mara nyingi ndiyo njia bora.

Mtoaji wa umma naye si malaika. Mwaka 2011 mtoaji wa Uholanzi aliyeitwa DigiNotar alivamiwa, na vyeti bandia zaidi ya 500 vikatolewa kwa jina lake, kimoja kikiwa cha Google ambacho kilitumiwa dhidi ya watumiaji nchini Iran. Vivinjari viliacha kumwamini, na mwezi Septemba mwaka huo huo akafilisika. Walioathirika ni pamoja na taasisi halali zilizokuwa zimenunua vyeti vyake, ambazo zililazimika kuvibadilisha kwa haraka. Kwa hiyo fundi wako awe na uwezo wa kuhamia kwa mtoaji mwingine ndani ya siku moja.

4. Viwango vya uhakiki

Watoaji wa umma huuza vyeti vya viwango vitatu. Katika kiwango cha kwanza, mtoaji huhakiki tu kwamba mwombaji anamiliki au anasimamia jina la kikoa. Katika cha pili, huhakiki pia kwamba taasisi ipo na imesajiliwa. Katika cha tatu, uhakiki huo huwa wa kina zaidi. Bei hupanda kwa kila kiwango.

Swali la mlipaji ni kama tofauti hiyo inamlinda zaidi. Kwa seva ya kuingilia kwa mbali, jibu kwa kawaida ni hapana. Programu ya mtumiaji inahakiki kama jina lililo katika cheti linalingana na jina la seva inayotafutwa, kama muda haujaisha, na kama mtoaji anaaminika. Cheti cha kiwango cha kwanza kinatimiza yote hayo. Hata kwa tovuti za kawaida, mwaka 2019 Chrome na Firefox ziliacha kuonyesha jina la kampuni kando ya anwani kwa vyeti vya kiwango cha tatu. Taasisi inaweza kutakiwa na mkataba au mkaguzi wake kuwa na kiwango cha juu, na hapo itii. Vinginevyo, fedha hiyo ina kazi bora katika kununua uthibitishaji wa hatua mbili au nakala rudufu.

Wapo pia watoaji wa umma wasiotoza malipo. Anayefahamika zaidi ni Let's Encrypt, shirika lisilo la faida lililoanza kutoa vyeti kwa umma mwaka 2015. Vyeti vyake vya kawaida vimekuwa vya siku 90 na vimekusudiwa kuhuishwa na programu, bila mkono wa mtu. Kutolipishwa hakumaanishi udhaifu: usimbaji ni ule ule. Unachokosa ni mtu wa kumpigia simu, na hilo ni jambo la kupima kulingana na uwezo wa fundi wako.

5. Jina litakalokuwa ndani ya cheti

Makosa mengi tunayoyaeleza katika somo hili huanzia kwenye jina. Cheti hulinda majina yaliyoandikwa ndani yake, na si zaidi. Kama cheti kina jina la mbali.mfano.co.tz, lakini makarani wanaandika namba ya anwani ya intaneti au jina fupi la SEVA1, onyo litatokea hata kama cheti ni cha bei kubwa kuliko vyote.

Watoaji wa umma hawatoi tena vyeti kwa majina ya ndani, kama yale yanayoishia na .local, wala kwa anwani za mitandao ya ndani kama zile zinazoanza na 192.168. Vyeti vya umma vya namna hiyo vilivyokuwa vimebaki vilitakiwa kubatilishwa kufikia mwezi Oktoba 2016. Sababu ni ya msingi: jina kama SEVA1 lipo katika maelfu ya ofisi, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ni lako. Anayetaka cheti cha umma hana budi kuwa na jina la kikoa lililosajiliwa, kwa mfano chini ya .co.tz au .or.tz, kupitia msajili aliyeidhinishwa. Hakikisha kikoa kimesajiliwa kwa jina la taasisi yako, si la fundi. Asiyemiliki kikoa hamiliki pia uwezo wa kuomba cheti.

Kama una seva kadhaa, unaweza kuchagua cheti chenye orodha ya majina, au cheti cha kinyota, kinachoandikwa *.mfano.co.tz. Cha kinyota kinafunika ngazi moja tu: kitaikubali mbali.mfano.co.tz, lakini si karani.mbali.mfano.co.tz, na hakifuniki mfano.co.tz yenyewe isipokuwa jina hilo liongezwe. Pia kina hatari yake: ufunguo mmoja hunakiliwa katika seva nyingi, na ukivuja katika seva dhaifu kuliko zote, zote zimevuja. Kwa ofisi yenye seva moja au mbili, tunashauri cheti cha jina moja kwa kila seva.

Jambo la mwisho kuhusu jina ni kwamba vyeti vya umma huandikwa katika kumbukumbu za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Chrome imekuwa ikidai hivyo kwa vyeti vipya vya umma tangu mwezi Aprili 2018. Faida yake ni kwamba cheti bandia cha jina lako kinaweza kugundulika. Gharama yake ni kwamba jina la seva yako si siri. Usiiite seva yako hesabu-za-wanachama ukitumaini kwamba hakuna atakayeliona.

6. Muda wa cheti na gharama ya kusahau

Tangu tarehe 1 Septemba 2020, cheti kipya cha umma hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Mwezi Aprili 2025, baraza linalowakutanisha watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari liliamua kupunguza zaidi: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029.

Kwa hiyo mtumiaji asidanganyike na tangazo la "cheti cha miaka mitatu". Anachouziwa hapo ni huduma ya miaka mitatu, ambamo cheti kitatolewa upya mara nyingi, na kila mara lazima kifungwe upya kwenye seva. Uliza nani atafanya kazi hiyo, na kama malipo yake yamo ndani ya bei.

Kusahau kuhuisha si kosa la ofisi ndogo peke yake. Tarehe 6 Desemba 2018, mamilioni ya wateja wa simu nchini Uingereza walikosa huduma ya data kwa sehemu kubwa ya siku, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa cheti kilichokwisha muda ndani ya programu ya mitambo ya mtandao. Kwa chama chetu cha mfano, cheti kikiisha Jumatatu ya mwisho wa mwezi, onyo linarudi, fundi hapatikani, na makarani wanabonyeza Ndiyo. Kazi yote ya kuwafundisha kuogopa onyo imepotea kwa asubuhi moja.

Kwa muda unaozidi kufupishwa, uhuishaji wa mkono hautawezekana. Mdai fundi wako apange uhuishaji wa programu na ahakikishe kwamba cheti kipya kinaanza kutumika kweli. Katika huduma ya Remote Desktop, cheti kipya kuwemo ndani ya seva hakutoshi; lazima huduma ielekezwe kukitumia. Kisha weka tarehe ya kwisha katika kalenda za watu wawili.

7. Ufunguo wa siri ni mali yako

Utaratibu sahihi ni huu: seva yenyewe inatengeneza jozi ya funguo na ombi la cheti. Ombi, lenye ufunguo wa umma tu, linapelekwa kwa mtoaji. Cheti kinarudi na kufungwa kwenye seva. Ufunguo wa siri haukutoka.

Baadhi ya wauzaji hujitolea "kukurahisishia" kwa kutengeneza funguo zote mbili kwao na kukutumia kwa barua pepe. Kataa. Mwaka 2018 wakala mmoja wa vyeti barani Ulaya alituma kwa barua pepe funguo za siri za vyeti vya wateja vipatavyo 23,000, na vyeti hivyo vikabatilishwa ndani ya muda mfupi sana. Wateja ambao hawakujua hata kwamba wakala alikuwa na funguo zao walijikuta wakitafuta vyeti vipya kwa dharura.

Ufunguo wa aina ya RSA usipungue biti 2048. Wa aina ya ECDSA wa biti 256 unafaa pia, mradi vifaa vya watumishi si vya kale mno. Fundi akibadilishwa au akiacha kazi, tengeneza ufunguo mpya na cheti kipya, ubatilishe cha zamani.

8. Maneno ya muuzaji na maana yake

"Cheti chetu kinasimba kwa biti 256." Nguvu ya usimbaji hupatanwa baina ya seva na kompyuta ya mtumiaji. Haitokani na bei ya cheti.

"Kina dhamana ya dola milioni moja." Dhamana hizo kwa kawaida huhusu kosa la mtoaji kumpa cheti asiyestahili. Hazilipi seva yako ikivamiwa kwa sababu ya nywila dhaifu. Omba masharti yake kwa maandishi.

"Ukiwa nacho, huhitaji VPN." Si kweli. Rejea sehemu ya pili.

"Cha bure si salama." Si kweli pia. Uliza muuzaji anatoa huduma gani ya ziada, kisha uamue kama huduma hiyo ina thamani kwako.

"Zima tu maonyo kwenye kompyuta za watumishi." Anayekupa ushauri huu usimpe kazi.

9. Uamuzi wa chama chetu cha mfano

Turudi kwa chama cha walimu. Kina kompyuta sita, tatu kati yake ni mali ya makarani wenyewe, na fundi wa mkataba anayekuja mara moja kwa mwezi. Mtoaji wa ndani hafai: hakuna wa kuulinda ufunguo wake, na kompyuta za nyumbani haziko chini ya usimamizi wa chama. Cheti kilichojitia sahihi kimeshaleta madhara. Kinachobaki ni cheti cha umma cha kiwango cha kwanza, cha jina moja.

Hatua zake zinafuatana hivi. Kwanza, chama kinahakikisha kikoa chake kimesajiliwa kwa jina la chama, na kinaongeza katika kumbukumbu za kikoa rekodi ya CAA, inayotaja ni mtoaji yupi peke yake anayeruhusiwa kutoa vyeti vya kikoa hicho. Watoaji wa umma wanalazimika kuiangalia rekodi hiyo tangu mwezi Septemba 2017. Pili, mlango 3389 unafungwa kwa intaneti, na lango linawekwa mbele ya seva. Tatu, cheti kinaombwa kutoka ndani ya lango na kupangiwa uhuishaji wa programu. Nne, kompyuta zote sita zinawekewa njia ya mkato yenye jina kamili la lango, ili mtu asiandike namba za anwani. Tano, seva iliyo nyuma ya lango nayo inapewa cheti kinacholingana na jina ambalo makarani wanalitumia kuifikia, ili onyo lisihamie ndani.

Hatua ya sita haigharimu chochote. Katibu anawakusanya makarani na kuwaambia kwamba agizo la zamani limefutwa. Kuanzia leo, dirisha la onyo likitokea, hakuna kubonyeza Ndiyo. Karani atafunga programu na kumpigia simu katibu, hata kama wanachama wamepanga foleni nje. Hatalaumiwa kwa kuchelewesha kazi.

10. Wajibu na haki za mtumiaji

Taasisi inayohifadhi taarifa za wanachama, wagonjwa au wanafunzi ina wajibu wa kisheria, si wa hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa hizo achukue hatua za kiusalama za kuzilinda. Kusema kwamba "fundi alituambia tubonyeze Ndiyo" si utetezi ambao meneja yeyote angependa kuutoa.

Kama umeuziwa cheti kisicholingana na maelezo uliyopewa, mlalamikie kwanza muuzaji kwa maandishi, ukiambatisha ankara na mawasiliano yenu. Ikiwa muuzaji ni mtoa huduma mwenye leseni ya mawasiliano au msajili wa vikoa, na hakukuridhisha, lete lalamiko lako kwa Mamlaka. Ukishuku kwamba seva imeingiliwa, itenge na mtandao bila kufuta chochote, badilisha nywila ukiwa kwenye kompyuta nyingine, kisha toa taarifa polisi na kwa timu ya taifa ya kukabiliana na matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

1. Watumishi wataandika jina gani, na je, jina hilo ndilo lililo katika cheti?
2. Kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani?
3. Ufunguo wa siri utatengenezwa wapi, na nani mwingine atakuwa na nakala?
4. Cheti kinakwisha lini, na nani au programu gani itakihuisha?
5. Baada ya kumaliza, je, onyo litatokea kwenye kompyuta yoyote? Nionyeshe, kwa kila kompyuta.

Usisaini hati ya kukamilika kwa kazi kabla ya kuona jibu la swali la tano kwa macho yako. Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa. Atafurahi kwamba mwenye seva ameanza kuitunza.